Buti za Orest Hnatiuk

"Hizi si za Tato," alisema Halyna Hnatiuk, akazisukuma buti mezani zikarudi upande wa polisi.

Sajenti Lorna Desjarlais alikuwa ameshamwelekezea kalamu ili atie saini ya kupokea vitu vya baba yake. Koti alikwisha kulipokea, na miwani, na saa, na simu iliyozimika kwa baridi. Zilibaki buti tu, na sasa zilikuwa zimesimama katikati ya meza, pua zake zikimtazama Lorna.

"Halyna, jimbo zima linavaa buti hizi. Hata mimi ninazo."

"Ndiyo maana nakwambia usitazame nje. Ingiza mkono ndani."

Lorna aliingiza mkono katika buti ya kushoto mpaka ncha. Hakukuta kitu.

"Umeona? Tato alikatwa vidole viwili vya mguu huo akiwa kijana, baridi ilimla. Kila buti anayonunua, ya kushoto anaijaza kipande cha blanketi kwenye ncha, mguu usicheze. Blanketi la kijani, lilikuwa la mama. Na namba yake ni kumi na moja. Hizo ngapi?"

Lorna aligeuza soli. "Tisa."

"Haya."

Sajenti alizikumbuka picha za Jumatatu. Orest Hnatiuk alikutwa Jumatatu asubuhi na dereva wa gari la kusukuma theluji, kando ya barabara ya changarawe nje ya kijiji cha Vesna, ameegemea nguzo ya ua kama mtu anayesubiri lifti. Kamba za buti zilikuwa wazi na visigino vya miguu havikuwa vimeshuka hadi chini ya buti. Wote waliokuwa pale, yeye akiwamo, walisema jambo moja: mlevi hafungi kamba. Koti lilinuka wiski, basi maneno yakaishia hapo.

Na mji wa Halbrook nao ulikuwa umeshahukumu. Orest alikuwa mchangishaji wa Chama cha Nyika tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mfanyabiashara akipeana naye mkono, alijikuta mkono wa pili umeshafungua pochi. Sasa chama kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Upande mmoja walikuwa wa kiongozi, Darcy Lindqvist, waziri mkuu wa jimbo, na upande wa pili wa Marlene Toews, aliyekuwa waziri wake hadi majuzi. Mkutano mkuu wa kuamua nani aongoze ulikuwa ufanyike Jumamosi. Watu walisema mzee ameona wafadhili wake wanaanza kumkimbia Lindqvist, uchungu ukamzidi, akarudia chupa.

"Mimi sikuulizi nani kamfanya nini," Halyna alisema. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo ukutani. "Hayo ya siasa yenu yabaki na nyinyi. Nauliza kitu kimoja. Alikunywa au hakunywa? Miaka kumi na moja hajagusa. Nilimshika mkono siku ya kwanza, anatetemeka kama kuku. Ijumaa namzika. Nataka nikisimama kanisani niwe najua namzika nani."

"Majibu ya damu yatachukua wiki kadhaa."

"Basi nitafutie kwa njia nyingine. Wewe si ndiye polisi?"

Lorna alizivuta buti upande wake. "Kabla ya Ijumaa."

"Leo ni Jumatano."

"Siku nazijua, Halyna."

*

Inspekta Dale Fehr alizitazama zile buti jinsi mtu anavyomtazama paka wa jirani aliyeingia jikoni.

"Mlevi kavaa buti za mtu mwingine. Ndiyo habari uliyoniletea?"

"Kazivalia wapi, bosi?"

"Nitajuaje?"

"Hapa kwetu mtu hukosea buti mahali pamoja tu," Lorna alisema. "Mlangoni pa nyumba ya watu. Umevua, wenzako wamevua, zote nyeusi, zote za duka moja. Unatoka una haraka, unachomeka miguu, unakwenda. Mwenyewe umewahi kurudi nyumbani na buti za shemeji yako."

"Mara mbili," Fehr alikiri.

"Basi. Orest aliingia nyumbani kwa mtu Jumapili jioni, na ndani mlikuwa na wageni. Mbona tangu Jumatatu hakuna hata mmoja aliyepiga simu kusema alikuwa kwangu? Na huyu mwenye namba tisa, alirudi kwake na buti gani?"

Fehr alifunga mlango wa ofisi, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Lorna, sikiliza. Lindqvist na Toews wanatoana macho. Nikigusa mtu wa huyu, nitaambiwa nimetumwa na yule. Mwenyewe nimezuia hata kahawa ya chama isiingie humu ndani. Nilitaka kulifunga faili hili leo."

"Kuna mama anataka kujua baba yake alikunywa au hakunywa. Ni hilo tu."

"Hilo tu ndilo huanzaga yote." Alikuna shingo. "Una mpaka kesho jioni. Ukinirudishia buti peke yake, natia saini: pombe na baridi."

*

Vesna ni kijiji cha mstari mmoja: kanisa lenye kuba, ghala la nafaka, nyumba chache, na ukumbi wa kolingi ambako watu husukuma mawe juu ya barafu majira yote ya baridi na kugombania pointi utadhani ni mashamba. Pikapu ya Orest ilikuwa bado mbele ya ukumbi. Funguo zilikutwa mfukoni mwa maiti, na askari waliokwenda Jumatatu walijaribu kuiwasha, ikakataa. Waliandika hivyo, wakaondoka.

Lorna aliizunguka polepole. Ilikuwa digrii thelathini na nne chini ya sifuri na kope zake zilikuwa zinaganda. Mbele, kwenye pua ya gari, waya wa kupasha injini ulikuwa unaning'inia.

Alisimama hapo. Mtu wa jimbo hili la Saskatchewan anaweza kusahau siku ya ndoa yake, lakini hawezi kuliacha gari nje katika baridi ile bila kuchomeka waya ukutani, injini isigande. Orest alikuwa ameutoa waya, ameuvuta mpaka mwisho, kisha akauacha. Kwa hiyo alitaka kuchomeka na hakupata pa kuchomeka.

Ukutani palikuwa na soketi tano, moja kila nafasi ya gari. Theluji haikuwa imeanguka tangu Jumamosi. Chini ya kila soketi, mahali inapokaa pua ya gari, palikuwa na sahani ya barafu nyembamba, laini, ambapo theluji ilikuwa imeyeyushwa na injini yenye joto kisha ikaganda tena. Alizitazama zote tano. Pikapu ya Orest ilikuwa ya sita, imekaa pembeni peke yake.

Kisha akausogelea mlango wa ukumbi. Karatasi iliyobandikwa ilisema ukumbi umefungwa tangu wiki iliyopita, mashine ya barafu imeharibika, samahani kwa usumbufu.

Magari matano mbele ya ukumbi usio na mchezo. Watu waliyaacha pale kwa sababu hawakutaka yaonekane kule walikokwenda. Na katika kijiji ambacho kila mtu anaitambua pikapu ya mwenzake kwa mlio, Orest aliyatambua. Lorna alipiga picha za barafu, akarudi kwenye gari lake, akakaa na mikono juu ya hewa ya moto mpaka vidole vilipoanza kuuma. Vikianza kuuma ndiyo nafuu.

*

Mtu wa kwanza ambaye Halbrook nzima ingemnyooshea kidole ni Brent Sawatzky, msimamizi wa kampeni ya Toews. Mwezi uliopita, katika chakula cha jioni cha chama, alimwambia Orest mbele ya meza zote kwamba atamzika. Alikuwa mfupi wa kimo, na Lorna alitazama miguu yake kabla ya kumtazama uso. Namba tisa, pengine nane na nusu.

Ofisi ya kampeni ilikuwa mahali palipokuwa duka la mikate. Sawatzky hakusimama.

"Nilijua mtakuja. Umechelewa, nilikungoja tangu Jumatatu."

"Jumapili jioni ulikuwa wapi?"

"Mjini Regina, redioni, hewani. Nilikuwa nagombana na mtangazaji kwa saa nzima. Kisha nikala na huyo huyo mtangazaji. Piga simu."

Lorna alipiga, akasimama dirishani akisikiliza. Ilikuwa kweli. Alikata simu.

"Ulisema utamzika."

"Kisiasa, Sajenti. Nilimchukia mchana kweupe, na yeye akanichukia hivyo hivyo, na kila tukikutana tunasalimiana. Hiyo nayo ni heshima." Alizungusha kikombe chake cha kahawa. "Wewe unatafuta kwa maadui. Kikulacho ki nguoni mwako. Nenda kawaulize waliokuwa wanakula naye."

"Wepi hao?"

"Wenye matrekta, wenye changarawe, wenye maghala. Marafiki zake. Wale wanaopiga picha na Lindqvist."

"Nipe majina."

"Sitaji."

"Kwa nini?"

Sawatzky alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Wananifaa mpaka Jumamosi."

Lorna alimwangalia, na Sawatzky akaacha kutabasamu. Alikuwa mtu mwerevu ambaye amesema neno moja zaidi ya aliyokusudia. Marafiki wa Lindqvist watamfaaje mtu wa Toews? Jibu ni moja tu: walikuwa wamekwisha kuhama, ila hawajatangaza. Mchana wako na kiongozi, jioni wanakwenda kuahidi fedha zao kwa mpinzani wake, wakingoja kuona upepo wa Jumamosi utavuma wapi.

"Ahsante kwa kahawa," Lorna alisema, ingawa hakupewa.

*

Katika gazeti la mji kulikuwa na tangazo la maziko, na chini yake majina ya watakaobeba jeneza. Wote walikuwa wafanyabiashara wa mezani kwa Orest. Lorna aliamua kuanza nao, nyumba kwa nyumba, Alhamisi asubuhi. Hakwenda kuwauliza kitu. Alikwenda kuvua buti.

Kila nyumba ya huku ina sinia la mpira mlangoni, na kila mgeni huziacha buti zake humo, juu ya maji ya theluji. Unapoinama kufungua kamba, pua yako iko juu ya viatu vya familia nzima na hakuna wa kukuuliza unatazama nini. Kwa mwenye changarawe aliinama taratibu, akatoa pole, akanywa kahawa, akatoka bila kitu. Kwa mwenye mahoteli ikawa hivyo hivyo. Wote wawili walisema Jumapili walilala mapema, na wote wawili walisema Orest alikuwa kama kaka.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Garth Penner, anayeuza matrekta na mashine za kuvunia wilaya nzima. Mkewe, Ilse, alifungua mlango, unga mikononi.

"Ingia, mwanangu, unaingiza baridi. Vua, vua. Nimeoka pai."

Lorna aliinama. Sinia lilikuwa karibu na tundu la hewa ya moto. Mlikuwa na viatu vya Ilse vyenye manyoya, na jozi moja ya buti nyeusi, kubwa. Alitazama koti la Penner lililotundikwa ukutani: koti la mtu mfupi.

"Mzee ana miguu mikubwa," alisema.

Ilse alicheka. "Garth? Garth ana miguu ya mtoto! Hata mimi nashangaa hizo kazipata wapi. Na ukaidi wake! Tangu Jumatatu anazipeleka gereji, nami nazirudisha. Buti ikilala gereji asubuhi utaivaaje? Itakukata vidole. Namwambia hivyo, hanisikii. Jana usiku kazipeleka tena. Leo asubuhi nimezirudisha."

Lorna aliingiza mkono katika buti ya kushoto. Kwenye ncha palikuwa na kitu laini, kimeshindiliwa. Alikitoa nusu, akaona rangi ya kijani, akakirudisha. Alihisi kitu kama uchovu tu, kisha hata huo ukapita.

Garth Penner alikuwa jikoni, mbele ya kipande cha pai ambacho hakukigusa. Alikuwa na soksi za kijivu. Alimwona Lorna anaingia na buti mkononi, na hakuuliza ni za nani.

"Pole kwa msiba," Lorna alisema, akaketi.

"Ahsante."

"Jumapili jioni ulikuwa wapi, Garth?"

"Hapa hapa."

"Si ulikwenda kolingi wewe?" Ilse alisema kutoka kwenye jiko, bila kugeuka. "Umerudi umechelewa, hata supu ikapoa."

"Ukumbi wa Vesna umefungwa, mama," Lorna alisema. "Mashine imeharibika."

Ilse aligeuka sasa. Alimtazama mumewe, kisha buti, kisha mumewe tena. Alijifuta unga kwenye aproni, akatoka jikoni, na mlango wa chumba chao ukasikika ukifungwa.

"Hakujua," Penner alisema.

"Naona. Mlikuwa kwa nani?"

"Kwa Myrna Zacharias." Huyo ndiye mwenye ghala la nafaka la Vesna. "Alikuja kutuchukua ukumbini kwa gari lake, ili zetu zisionekane. Tulikuwa watano. Tulikwenda kuzungumza tu. Kuona Toews anasema nini, Lindqvist atasimama au ataanguka. Biashara haina chama, Sajenti. Unapanda pale panapoota."

"Na Orest?"

"Aligonga mlango. Aliona pikapu zetu ukumbini, akaona taa za Myrna zinawaka, akatembea mpaka pale. Amekuja kutuumbua, uso mwekundu, hasemi. Lakini alivua buti." Penner alikitazama kijiko. "Alivua, akazipanga vizuri kwenye sinia. Kisha ndiyo akaingia. Sisi sote tumekaa sebuleni kwa Myrna na soksi, tumeshika glasi. Akasimama kwenye zulia. Soksi yake moja imetoboka."

"Akasema nini?"

"Alituuliza, 'Nani bado yuko na mimi?'"

"Mkamjibu nini?"

"Hatukumjibu."

Tundu la hewa ya moto lilianza kuvuma tena chini ya dirisha. Lorna alingoja likae sawa.

"Myrna akamtilia glasi, wiski," Penner aliendelea. "Akamwambia, 'Karibu na wewe, Orest, unywe na walioshinda.' Alikuwa anatania. Akamsogezea mpaka mdomoni. Orest akamsukuma mkono, ikammwagikia yote kifuani."

"Alikunywa?"

"Hapana."

"Garth, hili nataka ulitazame vizuri kabla hujalijibu. Hata funda moja?"

"Hata tone. Alijifuta mdomo kwa mkono wa koti, kama mtu aliyeguswa na kinyesi. Akatoka. Tukasikia anahangaika mlangoni. Kisha mlango."

Lorna aliandika. Alimaliza sentensi, akaweka nukta.

"Na wewe ulipotoka?"

"Buti zangu hazipo. Zake zipo. Nikavaa."

"Ulijua ni zake?"

"Nilijua kwenye ngazi. Mguu ulikuwa unaogelea. Na ule wa kushoto una kitu." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Myrna akaturudisha ukumbini. Pikapu ya Orest iko pale, mwenyewe hayupo. Tukasema imekataa kuwaka kwa baridi, kuna mtu kampa lifti. Nani, hatukuulizana. Kila mtu akang'oa waya wake, akawasha."

"Ikawaje?"

"Mimi nilitangulia. Wenzangu walikuwa nyuma yangu, wanne."

"Ikawaje, Garth?"

"Nikamwona. Kwenye taa. Anatembea kwa ncha za miguu, hivi, maana buti zimekataa kuingia. Akasikia gari, akageuka, akanyanyua mkono."

"Ukasimama?"

Penner alisogeza sahani ya pai kidogo kushoto. "Nilipunguza mwendo."

Lorna aliwahi kuhoji watu waliopiga, walioiba, hata mmoja aliyeua, na wote hao walikuwa na hasira au hofu ya kushika. Huyu hakuwa na mahali pa kumshika. Alikuwa mzee safi, mwenye soksi za kijivu, katika jiko lenye harufu ya matunda na siagi.

"Mbona hukusimama?"

"Angepanda, angeniuliza tena."

"Angekuuliza nini?"

"Niko upande gani."

Upepo wa moto ukakatika chini ya dirisha. Lorna alijikuta anauliza swali ambalo halikuwa la kipolisi.

"Ungemjibu nini?"

Penner alifikiri. Alifikiri kweli, paji la uso limekunjana, kama mtu aliyeulizwa bei ya mashine asiyoikumbuka.

"Bado sijajua," alisema. Kisha: "Hili lazima lijulikane kabla ya Jumamosi?"

Lorna alifunga daftari. Alitoa mfuko wa vidhibiti, akazitia buti ndani, akaandika jina la marehemu juu yake. "Nitaandika ulivyosema, na wenzako wanne nitawafikia leo hii. Mwanasheria wa serikali ataamua kama kumpita mtu kuna kifungu chake."

"Na kesho? Mimi ni mmoja wa wabebaji. Lindqvist atakuwepo. Nisipobeba, watu watauliza."

"Hilo si la polisi. Nitamwuliza mwenye msiba."

Mlangoni alikaa kwenye benchi, akavaa buti zake mwenyewe, akafunga kamba mpaka juu.

*

Halyna alikuwa anakunja pirogi za chakula cha maziko, trei baada ya trei, viazi na jibini, kingo zimebanwa kwa uma. Hakuacha kukunja Lorna alipoingia, wala alipoketi.

"Hakunywa," Lorna alisema.

Uma ulisimama.

"Walimlazimisha, akakataa. Ikamwagikia kwenye koti. Hata tone halikuingia mdomoni. Nina shahidi aliyekuwepo, na jioni hii nimepata wengine wawili. Inspekta hatatia saini ile aliyotaka."

Halyna alikaa. Aliitazama mikono yake yenye unga, upande huu na upande ule, kama vile si yake. Lorna alingoja alie, na hakulia. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na Lorna aliona huyu mzaliwa wa Orest alikuwa amekufa kidogo tangu Jumatatu, na leo alikuwa bado hajarudi.

"Na buti?"

Lorna alimsimulia. Hakupamba na hakupunguza: nyumba ya Myrna, sinia la mlangoni, soketi tano, taa za gari, mkono ulionyanyuliwa. Aliposema jina la Penner, Halyna aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayethibitisha anwani.

"Alimwona?"

"Alimwona."

"Akamtambua?"

"Ndiyo."

"Na wale wa nyuma?"

"Wawili wameshakubali kwamba walimwona. Kila mmoja alidhani mwenziwe atasimama."

"Atafungwa, Garth?"

"Sitaki kukudanganya. Pengine hapana."

Halyna alichukua duara la unga, akaweka viazi katikati, akalikunja. Alibana kingo zake pole pole mpaka zikafunga zote. Nje gari la kusukuma theluji lilipita, taa yake ya njano ikazunguka ukutani, ikaondoka.

"Anauliza kuhusu kesho," Lorna alisema. "Kama bado abebe jeneza. Nimemwambia hilo ni lako. Ukikataa, nitampigia sasa hivi."

"Abebe."

"Una uhakika?"

"Abebe, Lindqvist amwone, Toews amwone, kila mtu amwone." Aliiweka ile pirogi kwenye trei, ikawa sawa na zingine. "Ila mwambie wa mbele nimeshawapanga. Yeye nimembakizia upande wa miguu."